LaFontaine, Waziri Aliyekataa Kuingia Peke Yake

Mtu atakaye uwaziri hana budi kupata mambo mawili: neno la mkuu agawaye vyeo, na kibali cha wajumbe wenzake katika bunge. La kwanza laweza kupatikana kwa siku moja. La pili hulimwa kama shamba, na mavuno yake hukawia. Wengi hulishika la kwanza na kulidharau la pili, na siku si nyingi huona kwamba hawana hata moja. Maisha ya Louis-Hippolyte LaFontaine, mwanasheria wa Kanada aliyefariki mwaka 1864, yaonyesha jambo hili waziwazi, nasi twaona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1807 huko Boucherville, karibu na Montreal, katika jimbo lililoitwa siku zile Kanada ya Chini. Baba yake alikuwa seremala. Wenyeji wengi wa jimbo lile walikuwa wazao wa Wafaransa, Wakatoliki, nao walikuwa chini ya enzi ya Waingereza tangu Wafaransa waliposhindwa vitani. LaFontaine alisoma miaka michache katika chuo cha mapadre mjini Montreal, akajifunza sheria katika ofisi ya mwanasheria, na mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 23 hivi, akachaguliwa kuwa mjumbe wa Terrebonne.

Lakini ujumbe siku zile haukuwa na nguvu nyingi. Wajumbe walichaguliwa na watu, bali washauri walioendesha serikali waliteuliwa na gavana, naye gavana aliletwa kutoka London. Bunge liliweza kunung'unika. Gavana aliweza kusikia au kuziba masikio. Uchungu huo ulipasuka mwaka 1837, watu wakashika silaha. LaFontaine alikuwa amemfuata Papineau, kiongozi mkuu wa wanung'unikaji, lakini hakuikubali njia ya bunduki. Alimwomba gavana aliite bunge, kisha akavuka bahari kwenda London kuutetea upande wa watu wake. Aliporudi alikamatwa, Novemba 1838, akafungwa zaidi ya mwezi mmoja, akaachiliwa pasipo kuhukumiwa.

Baada ya uasi ule Waingereza waliunganisha Kanada ya Chini na Kanada ya Juu, jimbo la watu wasemao Kiingereza, kuwa nchi moja yenye bunge moja. Muungano huo ulianza Februari 1841. Kila upande ulipewa wajumbe 42, ingawa Kanada ya Chini ilikuwa na watu wengi zaidi. Na Kiingereza peke yake ndicho kilichoruhusiwa katika maandishi ya bunge. Kusudi lilikuwa wazi: Wafaransa wawe wachache katika nchi yao wenyewe, na mwisho wamezwe.

Wengi miongoni mwao walitaka kuupinga Muungano huo na kutoshiriki kabisa. LaFontaine alipiga hesabu nyingine. Aliona kwamba upande wa Waingereza pia wapo watu waliochoshwa na utawala wa gavana na marafiki zake. Tangu mwaka 1839 alikuwa akiandikiana barua na Francis Hincks, mwenye gazeti mjini Toronto, na kwa njia yake akafahamiana na Robert Baldwin, mwanasheria Mwanglikana, mtu mpole na mwenye msimamo. Wajumbe wa Kifaransa peke yao hawakuweza kushinda. Na wapenda mageuzi wa Kanada ya Juu peke yao hawakuweza kushinda. Wakisimama pamoja, gavana hangeweza kutawala bila wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Urafiki huo ulijaribiwa mapema. Katika uchaguzi wa mwaka 1841 serikali iliweka mahali pa kupigia kura katika kijiji cha Waingereza, mbali na watu wa LaFontaine, na watu wenye marungu wakaizuia njia. LaFontaine alijitoa ili damu isimwagike, akabaki hana kiti. Ndipo Baldwin, aliyekuwa amechaguliwa katika sehemu mbili, akawaomba wapiga kura wa sehemu mojawapo karibu na Toronto wampe LaFontaine nafasi hiyo. Nao, Waingereza kwa asili na Waprotestanti wengi wao, wakamchagua Mfaransa Mkatoliki katika mwezi wa Septemba.

Mwaka uliofuata ukaleta jaribu kubwa zaidi. Gavana mpya, Charles Bagot, aliona kwamba hataweza kupata kura za kutosha bungeni pasipo Wafaransa, akamwita LaFontaine, Septemba 1842, akampa nafasi ya Mwanasheria Mkuu. Fikirini, wasomaji, cheo hicho kilikuwa na maana gani kwa mtu aliyetoka gerezani miaka minne tu iliyopita. Lakini LaFontaine alitaka Baldwin aingie pamoja naye, na masharti ya kuingia yawe ya heshima kwa wote wawili. Mashauri yalivutana siku kadhaa. Ndipo barua ya gavana ikasomwa hadharani bungeni, ili wajumbe wauone ukarimu wake na kumsukuma LaFontaine akubali. LaFontaine alisimama akaanza kujibu kwa Kifaransa. Mmoja wa mawaziri alipomtaka aseme Kiingereza, alikataa, akaeleza kwamba hata kama angekijua Kiingereza sawasawa na lugha ya mama yake, hotuba yake ya kwanza katika bunge lile angeitoa kwa Kifaransa. Mwisho gavana alikubali, na wote wawili wakaingia serikalini mwezi ule ule.

Kwa sheria ya siku zile, mjumbe aliyepewa uwaziri ilimpasa arudi kwa wapiga kura apate kibali chao upya. Baldwin aliporudi alishindwa. Sasa ikawa zamu ya LaFontaine kulipa wema. Rimouski, jimbo la Wafaransa mbali kando ya mto St. Lawrence, lilimchagua Baldwin mwezi wa Januari 1843, ijapokuwa hakuwa mtu wa lugha yao wala wa dini yao. Baldwin naye aliwapeleka watoto wake kusoma katika shule za Kifaransa, wasije wakapungukiwa na lugha ya ndugu zao kama yeye alivyopungukiwa.

Serikali hiyo haikudumu. Gavana Metcalfe, aliyemfuata Bagot, aligawa kazi za serikali bila kuwauliza mawaziri wake. Hapa yapasa kusema kweli: LaFontaine na Baldwin walitaka kazi hizo ziende kwa watu wa upande wao, wala hawakulificha jambo hilo. Lakini chini ya ugomvi ule lilikuwapo swali kubwa, yaani kama waziri ni mtumishi wa gavana, au ni mtu anayesimama kwa kura za wenzake. Novemba 1843 mawaziri wote isipokuwa mmoja walijiuzulu kwa pamoja.

Tazameni sasa njia mbili zilivyoachana. Denis-Benjamin Viger alikuwa mzee aliyeheshimiwa sana na Wafaransa, kwa kuwa alikuwa amekaa gerezani miezi mingi kwa ajili yao. Gavana alimwita, naye akaingia serikalini, akitumaini kwamba jina lake litawavuta wajumbe. Hawakuvutwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1844 watu wake mwenyewe walimwangusha, na mwaka 1846 akaacha uwaziri. Gavana alikuwa amempa kiti, lakini hakuweza kumpa wenzi.

LaFontaine alikaa upande wa upinzani zaidi ya miaka minne. Mwaka 1845 shauri lililetwa tena kwa siri kidogo: Wafaransa wapewe nafasi serikalini, mradi wawaache Baldwin na watu wake, ambao wakati huo walikuwa wachache na dhaifu. Wako Wafaransa walioona ni busara kukubali. LaFontaine alikataa. Alijua kwamba watu wakiingia serikalini kwa kumtupa rafiki, hawatakuwa na rafiki siku watakapotupwa wao.

Saburi yake ililipwa. Baada ya uchaguzi uliomalizika Januari 1848, serikali iliyokuwapo ilishindwa bungeni kwa kura ya kutokuwa na imani, na Gavana Elgin akamwita LaFontaine kwa sababu ndiye aliyekuwa na wajumbe nyuma yake. Mwezi wa Machi akaunda serikali pamoja na Baldwin. Katika nchi ile desturi ikathibitika kwamba mawaziri hutawala kwa imani ya bunge, si kwa upendeleo wa gavana. Mwaka huo huo kizuizi cha Kifaransa kikafutwa, na Januari 1849 Elgin akasoma hotuba ya kufungua bunge kwa lugha zote mbili.

Gharama haikuwa ndogo. LaFontaine alipopitisha sheria ya kuwalipa fidia watu wa Kanada ya Chini walioharibiwa mali zao wakati wa uasi, wapinzani waliwaka hasira. Tarehe 25 Aprili 1849, siku Elgin alipoitia sahihi, kundi la watu lililichoma moto jengo la bunge mjini Montreal. Kisha nyumba ya LaFontaine ikashambuliwa. Serikali haikuvunjika, kwa maana wajumbe wake hawakutawanyika.

Mwaka 1851 Baldwin aliona kwamba wajumbe wengi wa Kanada ya Juu wamempinga katika kura moja. Kura za Wafaransa zilimwokoa, lakini hakutaka kubaki waziri wa watu wasiomtaka, akajiuzulu. Miezi michache baadaye LaFontaine naye akaondoka, akiwa na umri wa miaka 44. Waliingia pamoja, na karibu pamoja wakatoka. LaFontaine alikuwa Jaji Mkuu wa Kanada ya Chini tangu 1853 mpaka alipofariki mjini Montreal tarehe 26 Februari 1864.

Katika kila bunge, la taifa au la jimbo, wako watu watafutao kuungwa mkono na wenzao ili wawe mawaziri. Kutafuta huko si aibu. Ndiyo kazi yenyewe ya siasa. Swali ni hili: je, mtu huyo alifanya nini kwa ajili ya wenzake siku alipokuwa hana haja ya kura zao? Na je, akiitwa peke yake, atawaacha mlangoni? Mpiga kura mwenye busara na auulize maswali hayo kabla ya kusikiliza ahadi.