Kronfeld, rubani aliyevuka kilomita 100 bila injini

ROBERT Kronfeld, aliyezaliwa Vienna, Austria, mwaka 1904, ndiye rubani wa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwa ndege isiyo na injini. Alifanya hivyo nchini Ujerumani mwaka 1929, akibebwa na upepo upandao vilimani.

Juni 1931 alivuka bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, kwenda na kurudi kwa siku moja, akatwaa pauni 1,000 za gazeti la Daily Mail.

Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, Kronfeld, mwenye asili ya Kiyahudi, aliihama Ujerumani. Baadaye akawa raia wa Uingereza. Huko ndiko mauti yalikomkuta Februari 1948, akiijaribu ndege isiyo na injini wala mkia. Mwenzake alijirusha kwa mwavuli, akanusurika.

Mwaka 2003 Mjerumani Klaus Ohlmann alivuka kilomita 3,000 nchini Argentina.