Clarence Jordan na Nyumba Zisizo na Riba

Wakati wa yubile watu hutazama sana majengo ya mawe yaliyojengwa kwa sadaka. Lakini nyumba za Wakristo wenyewe je? Wengi wetu twaujua usiku wa masika, mama ahamishapo watoto toka pembe hii hata pembe ile kwa sababu paa lavuja. Basi twapenda kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyelifikiri sana jambo hili.

Clarence Jordan alizaliwa tarehe 29 Julai 1912 huko Talbotton, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alijifunza ukulima katika chuo kikuu cha Georgia, akamaliza mwaka 1933, maana alitaka kuwasaidia maskini waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mazao. Hata alipoona ya kuwa ukulima peke yake hautoshi, akaenda Louisville kusoma Agano Jipya kwa Kiyunani, akapata daraja ya udaktari. Walakini hakutafuta kiti cha ualimu. Mwaka 1942 yeye na mkewe Florence, pamoja na Martin England na mkewe, walianza shamba la ekari 440 karibu na mji wa Americus, wakaliita Koinonia, yaani ushirika.

Katika shamba hilo weusi na weupe walifanya kazi pamoja, wakalipwa ujira ulio sawa, wakala chakula meza moja. Desturi ya nchi ile ilikataza hayo kabisa. Mwaka 1950 kanisa walilosali likawatoa katika ushirika wake, nasi twaona ya kuwa pigo hili lilikuwa chungu kuliko risasi. Nazo risasi zilikuja. Tangu mwaka 1956 nyumba zao zilipigwa bunduki usiku, kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kikalipuliwa kwa baruti, na wenye maduka wakakataa kuwauzia mbegu, mbolea, hata petroli. Wakaokoka kwa kuuza kokwa za miti ya pekani kwa njia ya posta, kwa wanunuzi wa mbali wasioogopa majirani.

Shamba lilidhoofika, na watu wengi wakaondoka. Ndipo mwaka 1968 Jordan akafanya shauri jipya pamoja na Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa ametoa mali yake nyingi kwa maskini. Kando ya shamba waliishi watu katika vibanda vya mbao vilivyooza, wakilipa kodi miaka yote wasipate hata msumari ulio wao. Benki hazikuwakopesha. Basi wakapima viwanja 42, kila kimoja nusu ekari, wakaanzisha mfuko wa fedha za wapaji, na za marafiki waliokopesha bila riba. Nyumba iliuzwa kwa gharama yake tu, pasipo faida wala riba, naye mwenye nyumba alilipa kidogo kidogo kwa miaka 20. Kila alicholipa kilirudi mfukoni kujenga nyumba ya mwingine. Walimu waangalie jambo hili: haikuwa sadaka ya kumfanya mtu ombaomba. Tena torati ya Musa, katika Kutoka mlango wa 22, yakataza kumtoza maskini riba. Jordan aliisoma amri hiyo kama mkulima asomavyo mawingu.

Hakuona nyumba ya kwanza ikimalizika. Tarehe 29 Oktoba 1969 alikuwa katika kibanda chake cha kuandikia, akafa ghafula, umri wake miaka 57. Wakamzika shambani katika sanduku la mbao la kupakia mizigo, na kaburi lake halikuwekwa alama.

Mwaka 1973 Fuller na jamaa yake walikwenda Mbandaka, kando ya mto Kongo, nchi iliyoitwa wakati ule Zaire, wakauleta mfuko ule ule. Walijenga kwa matofali ya saruji, katika uwanja ulioachwa wazi zamani za Wabelgiji ili kuwatenga Wazungu na Waafrika. Fuller aliporudi Americus mwaka 1976, pakaanzishwa chama cha Habitat for Humanity, na mwaka 1982 kazi yake ikaanza katika Kenya.