Daktari Cicely Williams, Rafiki wa Akina Mama Wanyonyeshao

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea habari za wafalme, wapelelezi na majemadari. Leo nawaletea habari za bibi mmoja ambaye hakushinda vita wala hakuvumbua mto, lakini aliokoa watoto wengi kwa kazi ambayo wavulana wengi hudhani haiwahusu, yaani kumsaidia mama aliyejifungua apate kumlisha mtoto wake vema.

Cicely Williams alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 katika kisiwa cha Jamaica. Jamaa zake walikuwa Waingereza wenye mashamba huko tangu zamani. Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Siku zile ilikuwa shida sana kwa mwanamke kupata nafasi ya kujifunza udaktari. Lakini Vita Kuu vya 1914 viliwachukua vijana wa kiume, nafasi zikabaki wazi, na Chuo Kikuu cha Oxford kikawapokea wanawake wachache. Cicely alikuwa mmoja wao, akahitimu mwaka wa 1923. Kisha alifanya kazi katika hospitali ya watoto mashariki ya London, na huko alitambua kuwa daktari asiyejua mtoto anaishi katika nyumba ya namna gani hawezi kumponya sawasawa.

Mwaka wa 1929 Serikali ya Kiingereza ilimpeleka Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu mwaka wa 1957. Huko alikuta ugonjwa uliomsumbua moyo. Watoto wa mwaka mmoja hata minne waliletwa kwake wamevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka, nao wamenuna, hawataki kucheza wala kula. Wengi walikufa. Vitabu alivyosoma havikumweleza habari zake, na madaktari wengine waliona kuwa ni pelagra tu.

Basi yeye alifanya jambo ambalo wakubwa wengi wa siku zile hawakulifikiri: aliwauliza wenyeji. Wakamwambia kuwa ugonjwa huo una jina katika lugha ya Kiga, nalo ni kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Jina lile lilikuwa na maelezo yote ndani yake. Mtoto alipoachishwa ziwa kwa ghafula, alipewa uji wa mahindi tu. Uji ule ulijaza tumbo, lakini haukuwa na protini ya kutosha kuujenga mwili. Daktari Williams aliandika habari hizi katika gazeti la madaktari mwaka wa 1933, na mwaka wa 1935 akaandika tena akilitumia jina lile la wenyeji. Madaktari wengine wakambishia, lakini baadaye ilionekana wazi kuwa yeye hakukosea kuuhusisha ugonjwa huo na chakula cha mtoto. Katika Afrika ya Mashariki, Daktari Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa akipambana na ugonjwa uo huo, na mwaka wa 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake. Sisi kwa Kiswahili twauita unyafuzi. Kweli wazee walisema kuuliza si ujinga.

Mwaka wa 1936 alihamishiwa Malaya. Huko alikuta shida iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Katika Gold Coast mama alinyonyesha vema, na hatari ilikuja mtoto alipoachishwa. Katika mji wa Singapore watoto wachanga kabisa walinyimwa ziwa tangu siku za mwanzo, wakapewa maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Wanawake waliovaa kama wauguzi walitumwa kuwashawishi wazazi kuwa maziwa hayo ni bora. Lakini maziwa hayo hayakuwa na vitamini za kutosha, maji ya kuyachanganyia mara nyingi yalikuwa machafu, na mama maskini aliyazimua sana ili kopo lidumu. Mtoto akaharisha, akakonda, akafa. Tena mama hakuweza kurudi nyuma kwa urahisi, kwa maana ziwa lisilonyonywa hukauka.

Mwaka wa 1939 Daktari Williams alialikwa kutoa hotuba mbele ya mabwana wakubwa wa biashara wa Singapore. Hotuba yake aliiita Maziwa na Mauaji. Aliwaeleza pasipo kuficha kuwa kuwadanganya akina mama wawape watoto chakula kisichowafaa ni sawa na kuua, na kwamba wanaofanya hivyo wastahili kuadhibiwa. Fikirini, ndugu zangu, ushujaa wa mtu mmoja kusema hayo mbele ya wenye mali.

Mwezi wa Desemba 1941 Wajapani waliingia Malaya. Alikimbilia Singapore, na mji ulipoanguka Februari 1942 alifungwa pamoja na raia wengine katika gereza la Changi. Alipata taabu nyingi. Kwa miezi kadhaa alishikwa na polisi wa jeshi la Wajapani na kuwekwa katika vizimba. Hata hivyo kambini mlitokea jambo la ajabu. Watoto 20 walizaliwa, wote wakanyonyeshwa na mama zao, na wote 20 wakaishi, ingawa mama wenyewe walikuwa na njaa.

Baada ya vita, mwaka wa 1948, alikuwa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Baadaye alifundisha Beirut, na alisafiri nchi nyingi akiwahimiza wauguzi na madaktari wawasikilize akina mama. Mwezi wa Mei 1981 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia makampuni kuwatangazia watu maziwa yanayowekwa mahali pa maziwa ya mama. Wakati huo bibi huyu alikuwa na miaka 87. Alifariki Oxford mwaka wa 1992, mwenye umri wa miaka 98.

Sasa, twapata nini katika maisha haya? Kwanza, mama mwenye shida ya kunyonyesha hahitaji kulaumiwa, ahitaji msaada. Mara nyingi mama aliyejifungua mara ya kwanza husema hana maziwa, kumbe mtoto hajashika vema. Muuguzi mwenye subira humkalisha, humwonyesha jinsi ya kumsogeza mtoto ili kinywa kipanuke na kushika sehemu nyeusi pamoja na chuchu, tena humwambia amnyonyeshe mara nyingi, kwa kuwa kadiri mtoto anyonyavyo ndivyo maziwa yanavyozidi. Madaktari hushauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha chakula chenye maharage, mayai, samaki au karanga, huku mtoto akiendelea kunyonya hata miaka miwili au zaidi. Na mama ambaye kweli hawezi kunyonyesha asifichwe kwa aibu, bali apelekwe zahanati mapema, afundishwe njia ya salama.

Pili, jambo hili si la wanawake peke yao. Wengine wetu tutakuwa madaktari, wengine wenye maduka, na wengi tutakuwa baba. Baba ndiye awezaye kuchota maji na kupasua kuni mama apate kukaa na mtoto. Baba ndiye mara nyingi anunuaye kopo kwa sababu tangazo lilikuwa zuri. Daktari Williams alikuwa na elimu ya Oxford, lakini alijua kumwuliza mama asiyejua kusoma, na jibu la mama yule likamfaa. Nasi tukirudi nyumbani na vyeti vyetu, tusione haya kuuliza.