Rubani wa jicho moja aliyeizunguka dunia peke yake

WAHENGA walinena kwamba akipenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo hutukumbusha jinsi mapenzi yanavyomfanya mtu azifumbie macho kasoro za ampendaye. Wiley Post, rubani Mmarekani aliyeaga dunia mwaka wa 1935, hakutaka kasoro yake ifumbiwe macho wala ipewe jina la kuipamba. Aliikubali, akaichunguza, kisha akajifunza kuishi nayo hadi akawa binadamu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege.

Safari yake hiyo ilifanyika mwezi wa Julai 1933, miaka saba tu baada ya kupoteza jicho lake la kushoto. Je, iliwezekanaje kwa mtu asiyeweza kupima umbali kama wenzake kurusha ndege, na hasa kuitua salama? Jibu la swali hilo limo katika maisha yake na katika jinsi macho yetu yanavyofanya kazi.

Mwana wa wakulima

Wiley Hardeman Post alizaliwa tarehe 22 Novemba 1898 katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, na alipokuwa angali mdogo familia hiyo ilihamia Oklahoma.

Masomo ya darasani hayakumvutia na aliacha shule mapema. Alichokipenda ni mitambo. Mnamo 1913, akiwa kijana wa miaka 14, aliona ndege kwa mara ya kwanza katika maonyesho yaliyoandaliwa mjini Lawton. Tangu siku hiyo moyo wake haukutulia.

Hata hivyo, njia yake haikunyooka. Alifanya vibarua katika visima vya mafuta vya Oklahoma, na mapato yalipodidimia akaingia katika uhalifu. Mwaka wa 1921 alipatikana na hatia ya wizi wa mabavu na kuhukumiwa kifungo cha miaka kumi. Aliachiliwa mwaka uliofuata kwa masharti, akiwa kijana aliyevunjika moyo na asiye na matumaini makubwa ya kuaminiwa na waajiri.

Mnamo 1924 alipata nafasi katika kundi la marubani waliozunguka mijini wakionyesha michezo ya angani. Kazi yake ilikuwa kuruka kutoka ndegeni kwa parachuti huku umati ukitazama kutoka chini. Alijifunza pia kurusha ndege, lakini hakuwa na fedha za kununua yake. Ndipo akarejea katika visima vya mafuta ili atafute akiba.

Ajali iliyombadilisha

Tarehe 1 Oktoba 1926, alipokuwa kazini karibu na mji wa Seminole, mfanyakazi mwenzake alipiga chuma kwa nyundo. Kipande kidogo kilichomoka na kumchoma Post katika jicho la kushoto. Jeraha liliingiwa na viini vya maradhi, na madaktari wakahofu kwamba jicho la kulia nalo lingepofuka. Waliamua kuling'oa lile lililojeruhiwa ili kuliokoa lililosalia.

Post alilipwa fidia ya takriban dola 1,800. Wengi katika hali yake wangezitumia fedha hizo kuanzisha biashara ndogo nyumbani. Yeye alinunua ndege kuukuu na kugharimia ukarabati wake.

Uamuzi huo ulionekana kama wazimu. Ili kufahamu sababu, inafaa kwanza kueleza kile alichokuwa amepoteza.

Kazi ya macho mawili

Macho ya mtu mzima yametenganishwa na nafasi ya takriban sentimita sita. Kwa sababu hiyo, kila jicho hukitazama kitu kutoka upande wake, na picha mbili zinazofika ubongoni hutofautiana kidogo. Ubongo huzilinganisha picha hizo, na kutokana na tofauti hiyo hutambua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alilidhihirisha jambo hili mwaka wa 1838. Alieleza kifaa alichokibuni chenye vioo viwili, ambapo kila jicho huonyeshwa mchoro wake. Michoro hiyo ni bapa, lakini mtazamaji huona umbo moja lenye kina, kana kwamba anaweza kulishika.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Fumba jicho moja, nyoosha mikono, kisha ujaribu kuzigusanisha ncha za kalamu mbili, au utie uzi kwenye tundu la sindano. Mara nyingi mkono utapita mbele au nyuma ya shabaha.

Hasara haikomei hapo. Mtu mwenye macho mawili huona eneo la takriban digrii 180 mbele yake bila kugeuza kichwa, ilhali mwenye jicho moja huona takriban digrii 150. Aidha, kila jicho lina doa dogo lisiloona, pale neva inapotoka nyuma ya jicho kuelekea ubongoni. Mwenye macho mawili hasumbuliwi na doa hilo, kwa kuwa jicho moja huliziba pengo la jingine.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Faida ya kupima umbali kwa macho mawili hupungua kadiri kitu kinavyozidi kuwa mbali. Kitu kilicho karibu na mkono huonekana tofauti sana kwa kila jicho, lakini mti ulio mita mia kadhaa huonekana karibu sawa kwa yote mawili.

Katika umbali huo, hata mwenye macho mawili hutegemea dalili nyingine. Hutazama ukubwa wa vitu anavyovijua, kama vile nyumba au ng'ombe. Hutazama kitu kinachokikinga kingine, vivuli vinavyolala ardhini, na ukungu unaoififisha milima ya mbali.

Dalili kubwa zaidi ni mwendo. Abiria wa basi akitazama dirishani huona nguzo za kando ya barabara zikipita kwa kasi, ilhali milima ya mbali ni kana kwamba imesimama. Dalili hizi zote huonekana hata kwa jicho moja. Kinachohitajika ni kujifunza kuzisoma.

Shule ya hatua

Hivyo ndivyo alivyofanya Post alipokuwa akipata nafuu. Alikuwa akichagua mti au kilima, anakisia umbali wake, kisha anakwenda kwa miguu akihesabu hatua mpaka alipofika. Mwanzoni alikosea. Alirudia zoezi hilo siku baada ya siku hadi makisio yake yakakaribiana na hesabu ya miguu yake.

Alijizoeza pia kugeuza kichwa mara kwa mara ili kulifikia eneo lililokuwa limetoweka upande wa kushoto. Alivaa jicho la kioo, lakini umma ulimzoea zaidi akiwa amelifunika tundu la jicho kwa kitambaa cheupe.

Mwaka wa 1927 alimpenda binti mmoja aitwaye Mae Laine. Wapenzi hao walitoroka kwa ndege ili wakafunge pingu za maisha. Injini iliwaharibikia njiani, wakalazimika kutua shambani na kumtafuta mhubiri wa karibu awafungishe ndoa.

Kikwazo kikubwa kilikuwa leseni. Sheria mpya ya usafiri wa anga ilikuwa imepitishwa nchini Marekani mwaka wa 1926, na masharti yake ya afya hayakumkubali rubani mwenye jicho moja isipokuwa kwa idhini maalumu. Maafisa waliokuwa na jukumu la kulinda maisha ya abiria walikuwa na sababu ya kusita. Lakini badala ya kumfungia mlango, walimtaka arushe ndege kwa saa nyingi za majaribio ili uwezo wake uonekane kwa vitendo. Alifaulu na kupewa leseni mwaka wa 1928.

Siku nane, kisha saba

Tajiri wa mafuta wa Oklahoma, F. C. Hall, alimwajiri awe rubani wake na kununua ndege aina ya Lockheed Vega. Ndege hiyo iliitwa Winnie Mae, jina la bintiye Hall. Akiwa ndani yake, Post alishinda mashindano ya kutoka Los Angeles hadi Chicago mwaka wa 1930, na jina lake likaanza kuvuma.

Tarehe 23 Juni 1931 aliondoka New York pamoja na Harold Gatty, mzaliwa wa Tasmania na bingwa wa kuongoza njia kwa nyota. Walivuka bahari ya Atlantiki, wakapita Uingereza, Ujerumani na Muungano wa Usovieti, kisha Alaska na Kanada. Mjini Blagoveshchensk magurudumu yalizama matopeni. Mjini Edmonton uwanja wa ndege ulikuwa umelowa, nao wakaruka kutoka barabara ya lami ya mji huo.

Walirejea New York tarehe 1 Julai baada ya siku 8, saa 15 na dakika 51. Rekodi ya awali ya kuizunguka dunia kwa njia ya anga ilikuwa ya chombo cha Wajerumani cha Graf Zeppelin, kilichotumia siku 21 mwaka wa 1929.

Sifa zilimiminika, lakini kulikuwa na minong'ono. Baadhi ya watu walidai kwamba Gatty ndiye aliyekuwa akili ya safari, na kwamba mkulima huyo mwenye jicho moja na elimu haba alikuwa dereva tu. Maneno hayo yalimkera Post. Aliamua kurudia safari akiwa peke yake.

Aliiwekea Winnie Mae mtambo wa kujiongoza uliotengenezwa na kampuni ya Sperry, pamoja na kifaa cha redio cha kutambua mwelekeo. Vifaa hivyo vilimpa nafasi ya kupumzisha jicho lake na mwili wake. Alijizoeza pia kulala kwa vipindi vifupi visivyo na ratiba.

Aliondoka New York tarehe 15 Julai 1933 na kufika Berlin bila kutua. Huko Alaska alipotea njia. Alitua katika kijiji cha wachimba dhahabu cha Flat, ambako ndege iliingia mtaroni na kupinda rafadha. Wenyeji walisaidia kuitengeneza huku yeye akilala. Tarehe 22 Julai alitua New York mbele ya umati mkubwa, akiwa ametumia siku 7, saa 18 na dakika 49. Alikuwa ameipunguza rekodi yake mwenyewe kwa saa 21.

Vazi la angani

Post hakutosheka. Aliamini kwamba ndege zingeenda kasi zaidi juu sana, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Tatizo ni kwamba binadamu hawezi kuishi huko bila kinga, na Winnie Mae ilikuwa ya mbao, isiyoweza kuhifadhi hewa.

Mwaka wa 1934 alishirikiana na kampuni ya mpira ya B. F. Goodrich na mhandisi Russell Colley kubuni vazi la kujazwa hewa lenye kofia ya chuma. Vazi mbili za kwanza hazikufaa, lakini la tatu lilifaulu. Septemba mwaka huo alipaa juu ya Chicago hadi zaidi ya mita 12,000.

Mnamo Machi 1935 aliruka kutoka Burbank, California, hadi Cleveland, umbali wa takriban kilomita 3,275, kwa saa 7 na dakika 19. Kasi hiyo ilipita uwezo wa kawaida wa ndege yake. Alikuwa amesukumwa na upepo mkali wa tabaka za juu, ambao ndege za abiria hunufaika nao hadi leo. Colley baadaye alishiriki kuunda mavazi ya wanaanga wa kwanza wa Marekani.

Mwisho wa safari

Agosti 1935 Post alisafiri Alaska na rafiki yake Will Rogers, mchekeshaji na mwandishi aliyependwa mno nchini Marekani. Ndege waliyoitumia ilikuwa imeunganishwa kutokana na sehemu za ndege mbili tofauti na kuwekewa maboya ya kutua majini. Ilikuwa na uzito uliozidi upande wa mbele.

Tarehe 15 Agosti, wakiwa wamepotea kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, walitua katika wangwa karibu na Barrow kuuliza njia. Waliporuka tena injini ilizimika, na ndege ikaanguka majini kwa pua. Wote wawili walikufa papo hapo. Mwindaji mmoja mwenyeji aliyeshuhudia mkasa huo alikimbia hadi Barrow kupeleka habari.

Post alikuwa na umri wa miaka 36. Mjane wake aliiuza Winnie Mae kwa taasisi ya Smithsonian, ambako imehifadhiwa miongoni mwa ndege mashuhuri za kihistoria.

Huenda ikawa rahisi kusema kwamba ujasiri ndio uliomwezesha Post. Ujasiri alikuwa nao, pengine kupita kiasi, maana aliikubali ndege ya mwisho licha ya kasoro zake. Lakini si ujasiri uliomrejesha angani. Ni zile hatua alizozihesabu kwa subira kutoka mti hadi mti, pamoja na maafisa waliokubali kumpima kwa kazi yake kabla ya kumhukumu kwa umbo lake. Hata sasa nchini Marekani, aliyepoteza jicho moja anaweza kuruhusiwa kurusha ndege iwapo amepewa muda wa kuizoea hali yake na kufaulu mtihani wa angani.

Jicho la pili ni neema kubwa, na yeyote aliyejaribu kutia uzi kwenye sindano akiwa amefumba moja anajua hivyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kuona hufanyika ubongoni, na ubongo, tofauti na jicho lililong'olewa, unaweza kufunzwa upya.