McIndoe: Daktari aliyetibu majeraha bila kusahau akili

BOMU lililolipuka katika ubalozi wa Marekani katikati ya jiji la Nairobi mnamo Agosti 7, 1998 liliua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Wengi walipona vidonda, lakini si wote waliopona hofu. Kwamba jeraha la mwili huacha kovu akilini ni jambo alilolitambua mapema Sir Archibald McIndoe, mmoja wa waasisi wa shirika la Amref lenye makao yake jijini humo.

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900 mjini Dunedin, New Zealand. Baada ya kusomea udaktari nyumbani na kupata ujuzi zaidi Marekani, alihamia London mwaka 1930. Huko, binamu yake Harold Gillies, bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, alimwingiza katika kazi hiyo.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka 1939, alipelekwa hospitali ya East Grinstead, kusini mwa Uingereza, kuwatibu marubani walioungua. Wakati huo majeraha ya moto yalipakwa asidi ya taniki, iliyofanya ngozi kuwa gamba gumu na kukunja vidole. McIndoe aliipiga vita dawa hiyo. Alipobaini kuwa marubani walioangukia baharini walipona vyema zaidi, alianza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi.

Hata hivyo, alijua kuwa dawa pekee haitoshi. Aliwaruhusu majeruhi kuvaa sare zao za kijeshi badala ya nguo za wagonjwa, na kuwahimiza wakazi wa mji kuwakaribisha bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, Guinea Pig Club, ili kufarijiana.

Baada ya vita, McIndoe alipata shamba kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1957, pamoja na madaktari Michael Wood na Tom Rees, aliasisi huduma ya madaktari wa ndege iliyozaa Amref. Aliaga dunia Aprili 11, 1960.

Miaka 50 baadaye, utafiti kuhusu wanajeshi 696 wa Marekani waliojeruhiwa nchini Iraq ulionyesha kuwa waliopewa mofini mapema hawakuandamwa sana na maradhi ya kiwewe kama wenzao. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba mofini yenyewe ni kinga, na dawa hiyo, ambayo huweza kuleta uraibu, ni ya kutolewa na wataalamu pekee. Lakini ulitilia nguvu msimamo kwamba maumivu ya majeruhi hayafai kupuuzwa, wala mwenyewe kuachwa pweke na hofu yake vidonda vikishafunga.