James Chuma: Kijana wa Nyasa Aliyesoma Bara Hindi



Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa tumezoea kuwasindikiza watoto wetu wanapokwenda kusoma mbali. Mama hufunga mzigo, baba hutafuta nauli, na chombo kikiisha kuondoka nyumbani hubaki kimya. Wazazi hujiuliza kama mtoto atarudi, na akirudi, kama elimu yake itawafaa watu wake. Leo tutazame maisha ya kijana mmoja wa nchi za Nyasa aliyekwenda kusoma ng'ambo ya bahari zaidi ya miaka mia na sitini iliyopita. Yeye hakusindikizwa na mama wala baba, maana alikuwa amekwisha kuuzwa.

Chuma alikuwa Myao, naye alizaliwa karibu na mwaka 1850 upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imeharibu nchi yote. Misafara iliwateremsha watu mpaka Kilwa, na mingine iliwapeleka kwa Wareno wa mto Zambezi. Vijiji vilishambuliana, mashamba yalichomwa, njaa ikafuata, na watoto waliuzwa kwa vipande vya nguo. Chuma naye aliingia katika mikono ya wafanya biashara hao akiwa mtoto wa miaka kama kumi tu.

Mwezi wa Julai, 1861, Daktari David Livingstone alikuwa akiwaongoza wamisionari wa kwanza wa Misioni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, kupanda milima iliyo mashariki ya mto Shire. Mkuu wao alikuwa Askofu Charles Mackenzie. Huko walikutana na msafara wa watumwa. Walinzi wakakimbia, na watu 84 wakafunguliwa. Makongwa ya shingoni yalikatwa, kisha wale waliofunguliwa wakaambiwa wayatumie kuwa kuni za kupikia chakula chao. Chuma alikuwa mmoja wa watoto waliookolewa siku zile, pamoja na rafiki yake Wekatani, naye pia Myao. Watoto hao wakakaa pamoja na wamisionari huko Magomero.

Lakini uhuru ule haukuwa mwisho wa taabu. Njaa na homa ziliingia Magomero, na watu wengi wakafa, wakubwa kwa watoto. Askofu Mackenzie mwenyewe alikufa tarehe 31 Januari, 1862, akazikwa karibu na mahali mto Ruo unapoingia katika Shire. Wale waliobaki walihamia bondeni. Mwaka 1864 Askofu Tozer, aliyemfuata, aliamua kuihamisha Misioni, na mwaka ule ule akafika Unguja kuanza upya. Ndipo ikawa lazima kuwatafutia mahali watoto waliookolewa. Chuma na Wekatani wakaondoka pamoja na Livingstone.

Livingstone alikuwa na meli ndogo iliyoitwa Lady Nyassa. Aliitengenezesha kwa fedha zake mwenyewe, kama pauni 6,000, akitumaini kuibeba vipande vipande na kuiunga katika ziwa letu hili, ili ipambane na biashara ya watumwa. Haikufika ziwani. Serikali ya Uingereza ilimwita arudi, naye hakutaka kuiuza meli ile Unguja, akihofu kwamba itatumiwa kubebea watumwa. Akaamua kuivusha bahari mpaka Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai, akaiuze huko.

Waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, 1864. Chomboni walikuwamo Wazungu wanne pamoja na Livingstone, wanaume saba wa nchi za Zambezi ambao hawakuwa mabaharia, na wale wavulana wawili, Chuma na Wekatani. Makaa ya mawe yalikuwa tani 14 tu, kwa hiyo iliwapasa kutegemea matanga. Sisi tunaoijua mwera ya ziwani tunafahamu maana ya kuwa katika chombo kidogo upepo unapogeuka. Wao walipata taabu ya namna nyingine kwanza: upepo ulikufa kabisa, na kwa siku nyingi meli ilisimama juu ya maji bila kusogea. Baadaye dhoruba zikawapiga na kuwapasulia matanga. Kila siku iliyopita iliwakaribisha kwenye majira ya kusi kali, na pepo zile zingewakuta baharini zingeweza kuwazamisha. Tarehe 13 Juni, baada ya siku 45 na maili kama 2,500, wakaingia bandari ya Bombay salama. Meli ilikuwa ndogo hata hakuna aliyetambua kufika kwake.

Hebu fikirini mvulana wa miaka kama kumi na minne, aliyezaliwa katika kijiji cha nyumba za nyasi, akishuka katika mji ule. Bombay ya mwaka 1864 ilikuwa imejaa fedha, kwa sababu vita ya Marekani ilikuwa imezuia pamba ya huko, na viwanda vya Uingereza vilinunua pamba ya Bara Hindi kwa bei kubwa. Garimoshi lilikuwa limekwisha kuanza kazi tangu mwaka 1853. Kulikuwa na Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo, kila watu na sala zao na mavazi yao. Walikuwako pia Waafrika wengi, mabaharia na watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Baadhi yao walilelewa na wamisionari wa CMS karibu na mji wa Nasik.

Livingstone aliwaweka Chuma na Wekatani katika shule ya Daktari John Wilson, mmisionari wa Kanisa Huru la Uskoti, aliyekuwa Bombay tangu mwaka 1829. Kisha yeye akaenda Uingereza. Wanaume wa Zambezi, miongoni mwao Abdullah Susi, walibaki wakifanya kazi bandarini. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu wavulana wale walisoma katika nchi ambayo hawakuwa na ndugu wala mtu wa ukoo. Chuma alijifunza kusoma, kuandika na kusema Kiingereza. Alijifunza pia jambo lisiloandikwa ubaoni, yaani kuishi kati ya watu wa lugha na desturi nyingi bila kupotea. Mwezi wa Desemba, 1865, Livingstone akiwa amerudi, Daktari Wilson aliwabatiza wote wawili. Chuma akaitwa James, na Wekatani akaitwa John.

Mwanzoni mwa Januari, 1866, walipanda meli iitwayo Thule kurudi Unguja. Mwezi wa Machi walishuka Mikindani, wakaufuata mto wetu wa Ruvuma kwenda bara. Njia ile iliwasikitisha, maana walikuta watu waliokufa wamefungwa katika miti kwa sababu hawakuweza kuendelea kutembea. Tarehe 8 Agosti, 1866, wakaliona Ziwa Nyasa. Mwezi uliofuata Wekatani alikutana na watu wa ukoo wake upande wa kusini wa ziwa, akaomba kubaki nao. Livingstone akamruhusu. Chuma akaendelea na safari.

Tusidhani kwamba Chuma alikuwa mtu asiye na makosa. Mwaka 1868, kwa kuchoka na kuogopa, yeye na wenzake kadhaa walikataa kumfuata Livingstone kwenda ziwa Bangweulu. Baadaye alirudi, na mzee akampokea bila kinyongo, akikumbuka kwamba yeye naye ana udhaifu wake. Tangu hapo Chuma hakumwacha tena.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei, 1873. Susi na Chuma wakawa viongozi wa wale waliobaki. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, mmoja wa vijana wa Nasik, akasoma ibada ya maziko. Mwili waliukausha, wakaufunga katika nguo na magome ya mti, wakaubeba mpaka pwani. Tabora walikutana na Luteni Cameron, ambaye aliwashauri wauzike pale pale. Wakakataa kwa adabu. Katika vijiji vingine walilazimika kuuficha kama mzigo wa nguo, kwa sababu watu waliogopa maiti kupita kwao. Baadhi yao walikufa njiani. Mwezi wa Februari, 1874, wakafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwili ule ulizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey.

Susi na Chuma hawakuwapo siku ile, maana hakuna aliyewalipia nauli kwa wakati. Baadaye James Young, rafiki wa Livingstone, alilipa gharama, nao wakafika Uingereza mwaka ule ule. Hapo elimu ya Bombay ilionekana faida yake. Walikaa na Padre Horace Waller, aliyewalea watoto wa Magomero miaka ile ya kwanza, katika parokia yake ya Twywell. Waller alikuwa akitengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone, na mara kwa mara alipokwama waliweza kumweleza: mto huu uko wapi, mfalme yule ni nani, siku ile ilitokea nini. Waliwajengea watu mfano wa kibanda alichofia bwana wao, wapate kuona kilivyokuwa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliwapa nishani. Kitabu kilitoka mwisho wa mwaka 1874. Jina lililo juu yake ni la Livingstone, lakini maelezo ya siku zake za mwisho tumeyapata kwa vinywa vya Waafrika hawa wawili.

Chuma angeweza kuomba kazi nyepesi pwani. Badala yake aliingia katika kazi ya Misioni ile ile iliyomlea utotoni. Mwaka 1875 Askofu Edward Steere alipokwenda kutoka Lindi mpaka Mwembe, kwa mfalme Mataka wa Wayao, kiongozi wa msafara alikuwa Chuma. Mwaka 1876 alisaidia pia kuwapeleka bara watumwa waliokombolewa, na ndio walioanza kijiji cha Kikristo cha Masasi. Mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston. Johnston alipokufa njiani, kijana Joseph Thomson, mwenye miaka 21 tu, alishika nafasi yake, na Chuma akamfikisha upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na mpaka Tanganyika. Mwaka 1881 walitumwa tena na Sultani Barghash kutafuta makaa ya mawe Ruvuma. Hawakupata yaliyofaa. Miaka mingi sana baadaye makaa yalikuja kuchimbwa Ngaka, huku kwetu Mbinga.

James Chuma alikufa Unguja mwaka 1882 kwa ugonjwa wa kifua, katika uangalizi wa Misioni. Alikuwa na miaka kama 32 tu. Mwaka huo huo William Percival Johnson alikuwa akianza kazi yake katika ziwa letu, kazi iliyoendelea mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Kanisa lililotufikia sisi lilipitia njia ambazo miguu ya Chuma ilisaidia kuzifungua.

Ndugu zangu, Chuma hakupata kurudi kukaa katika kijiji alichozaliwa. Hata hivyo elimu aliyoipata ng'ambo aliirudisha katika nchi hizi, akaitumia kwa kutafsiri, kuongoza, kupatanisha na kubeba. Basi tunapowasindikiza vijana wetu wa Lipingo, tusiwaombee vyeti tu. Tuwaombee wapate walimu wema kama alivyopata Chuma, na wakikosea kama yeye, wapate mtu wa kuwapokea. Na wale walio kati yetu ambao hawana mzazi wa kuwafungia mzigo, tusingoje mgeni aje awafungie. Parokia hii ndiyo mzazi wao.