Nyumba ya Dr. Krapf Mombasa

Wengi hulijua jina la Dr. Johann Ludwig Krapf kwa ajili ya kamusi yake, tena aliuona mlima Kenya mwaka 1849. Mimi napenda kusimulia habari za nyumbani mwake.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akawa mmisionari Uhabeshi, akamwoa Rosine mwaka 1842. Binti yao wa kwanza alifia safarini huko. Mei 1844 walifika Mombasa, mama akiwa mja mzito tena. Krapf alijifunza Kiswahili kwa bidii, na mwezi uliofuata akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Ikaja homa, siku zile hakuna aliyejua kuwa huletwa na mbu. Julai Rosine alijifungua binti. Siku chache tu, mama akafa, kisha mtoto, na baba mwenyewe mgonjwa. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Nadhani mtu mwingine angalipanda jahazi arudi kwao. Yeye alibaki peke yake, akikusanya maneno, hata mwaka 1846 akaja Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Kamusi ilichapwa mwaka 1882. Krapf alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.